Daftari la Ahadi

Daftari hili lina jalada la bluu
na duara la chai niliyoimwaga mwenyewe
usiku ule wa harambee, ukumbini Sinza,
tulipopandishwa ngazi kumi na moja
mmoja mmoja, kama masofa mapya,
kwenda kuchangiwa viti mwendo.

MC akasema makofi.
Tukapigiwa makofi kwa kufika.
Mimi, Sikudhani Pazi, mweka hazina,
nilikaa mezani na kalamu mbili,
moja ya ahadi, moja ya taslimu.
Ya ahadi ikaisha wino.

Andika laki tano! Andika laki saba!
Mwenye duka la vipuri Kariakoo akasimama,
akakaa, akasimama tena, akaongeza.
Shemeji yake akaapa hashindwi na muuza vipuri.
Mgeni rasmi akaja na hundi ya mfano, ya boksi,
ndefu kunipita nikiwa kwenye kiti,
milioni kumi, kwa tarakimu na kwa maneno.
Tukaishika wanne. Tukapigwa picha.
Tabasamu kidogo, dada. Hivyo hivyo.

Ahadi ni deni, wanasema.
Basi mimi naidai nusu ya jiji.

Jumatatu nilipiga simu.
Jumanne nilipiga simu.
Laki saba yuko Dodoma kikazi.
Laki tano ana msiba, nikampa pole,
wiki ya pili msiba mwingine, nikampa pole tena.
Kwingine alipokea mtoto:
Baba kasema niseme hayupo.
Na yule wa vipuri akaniuliza, bila ubaya wowote,
ile si ilikuwa ya kuchangamsha ukumbi?

Simlaumu sana. Mezani kwake
zilikuwapo kadi nane za harusi,
na kadi ya harusi ina tarehe.
Miguu yetu haina tarehe.

Ijumaa mvua ilinyesha, Keko ikawa uji.
Mwatumu wa chapati akaja na mfuko wa nailoni,
ndani ya mfuko, mfuko,
ndani yake, elfu nane.
Niliahidi kumi, akasema. Andika bado mbili.
Nikamwambia, mama, hizi zinatosha.
Akanitazama kama nimemtukana mamake.
Nani kakwambia nimeomba kusamehewa?
Andika.
Nikaandika.

Tulihesabu: kiti kimoja, si kumi na viwili,
matairi sita, tyubu,
soli za magongo jozi tatu.
Kiti tukakipigia kura, na kura ikatugawa:
akapata Hidaya, anayesoma Chang'ombe
na aliyekuwa akibebwa mgongoni na kaka yake
mpaka kaka akaota ndevu na aibu.
Mzee Likwelile alinuna siku tisa.
Alikuwa na haki ya kununa.
Kiti chake kina waya wa antena
pale palipokuwa na breki.

Ile hundi ya boksi tunayo bado.
Fundi Ngwale huitandika chini
akilala kuchomelea ekseli.
Grisi imekula sufuri mbili,
sasa inasomeka laki moja,
nayo hatujaiona.

Mwaka huu tumekataa ukumbi wa juu.
Tutakutana hapahapa gereji, uwanjani,
na kama mvua itanyesha, na inyeshe;
wenye viatu vya gharama
watabebwa.
Kamati imecheka mpaka Likwelile akacheka,
kisha tukaiandika kwenye muhtasari.

Leo asubuhi mjukuu wa Mwatumu kagonga mlango,
noti mbili za elfu, zina unga.
Bibi kasema umpe risiti.
Nimempa. Nimepiga mstari kwa rula,
jina moja, ukurasa mzima.

Halafu nimeweka vocha,
nimefungua mwanzo, herufi A.
Inaita.